Mtoto Aendapo Finland: Hesabu ya Mwaka wa Pili

Katika mtaa wa Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura, si mbali na kambi ya Muha, zimo nyumba zilizojengwa kwa jasho la ugenini. Askari wa Burundi walianza kupelekwa Somalia mnamo Desemba 2007, wakapishana huko kwa zamu hadi ujumbe wa Umoja wa Afrika ulioitwa ATMIS ulipofikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2024. Waliojaliwa kurudi salama walirudi na akiba. Baadhi yao walipandisha kuta, baadhi walinunua kiwanja upande wa Kanyosha, na baadhi waliiweka akiba hiyo benki wakiingojea siku ambayo mtoto wa kwanza angemaliza shule. Siku hiyo imekwisha kufika katika nyumba nyingi. Na sebuleni, baada ya matokeo ya mtihani wa taifa kutangazwa, pamoja na Ubelgiji na Ufaransa za siku zote, sasa hutajwa pia Finland.

Si ajabu. Nchi hiyo ya kaskazini ya mbali husifiwa kwa shule zake, kwa utulivu wake, na kwa vyuo vyake ambavyo hufundisha kozi nyingi kwa Kiingereza. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 338,000, yaani mara 12 ya Burundi, lakini wakazi wake ni milioni 5.6 tu, chini ya nusu ya Warundi. Wazee ni wengi, vijana ni wachache. Tangu Aprili 2022 mwanafunzi wa kigeni anayesomea shahada aweza kupewa kibali cha ukaazi cha muda wote wa masomo badala ya kukihuisha mwaka hata mwaka, na akifuzu huruhusiwa kuomba miaka 2 ya kutafuta kazi. Wala Finland si ngeni kabisa kwa Afrika ya Mashariki. Martti Ahtisaari, aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2008, alikuwa balozi mjini Dar es Salaam kuanzia 1973 hadi 1977. Na Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, kikakusanya hata mamilioni ya maneno ya lugha hii ili kompyuta iyachambue. Kijana wa Kinanira anayetamani kwenda huko hatamani jambo baya.

Lililo baya ni neno "bure".

Neno hilo lilikuwa kweli zamani. Kwa miaka mingi mgeni wa taifa lolote aliweza kuingia chuo cha Finland asitozwe ada ya masomo, na habari hiyo ilienea Afrika nzima. Lakini kuanzia mwaka wa masomo wa 2017 sheria iliviagiza vyuo kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi, iwapo wanasomea shahada ya kwanza au ya uzamili kwa Kiingereza. Sheria iliweka kima cha chini cha euro 1,500 kwa mwaka. Vyuo vyenyewe aghalabu hutoza kati ya euro 6,000 na 18,000. Tena, kwa wanaoanza masomo kuanzia vuli ya 2025, hata kuomba nafasi tu kunalipiwa euro 100. Bure imebaki kwa anayesoma kwa Kifini au Kiswidi, lugha mbili rasmi za nchi ile, na kwa anayefanya shahada ya uzamivu. Mjomba aliyesikia habari za Finland mwaka 2012 hasemi uongo anapomwambia mpwa wake kwamba kule watu husoma bila kulipa. Anasema kweli iliyokwisha muda wake, na kweli ya namna hiyo yaweza kuiuza nyumba.

Hesabu yenyewe haihitaji elimu kubwa. Tuchukue chuo kinachotoza euro 10,000 kwa mwaka. Juu ya ada hiyo, Idara ya Uhamiaji ya Finland humtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba anazo fedha za kujikimu. Zamani kiasi kilikuwa euro 560 kwa mwezi. Kuanzia Novemba 2024 ni euro 800, yaani euro 9,600 kwa mwaka mmoja. Jumla ni euro 19,600, kabla ya kugusa bima ya matibabu, ada ya kibali, tafsiri ya vyeti na tiketi ya ndege. Na jambo ambalo wazazi wengi hulifahamu kwa kuchelewa ni hili: fedha za kujikimu sharti ziwe katika akaunti yenye jina la mwanafunzi mwenyewe. Barua ya baba kwamba atamtunza mwanawe haikubaliwi, hata ikiwa na muhuri wa kikosi.

Sasa tuilinganishe jumla hiyo na jasho la Somalia. Kabla haijapunguzwa mwaka 2016, posho iliyotolewa kwa askari mmoja wa ujumbe ule ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi. Kama askari angeipata yote bila makato, wala asinunue hata sabuni, asitume nyumbani hata senti, miezi 12 ingempa dola 12,336. Mwaka mzima wa doria, basi, haufikii mwaka mmoja wa masomo.

Yapo pia mambo ya faranga, ambayo mama wa nyumbani huyajua kuliko wachumi kwa kuwa huyaona kwenye bei ya mafuta na sukari. Mnamo Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipandisha bei rasmi ya dola kutoka faranga zipatazo 2,080 hadi zaidi ya 2,800. Hata hivyo fedha za kigeni ziliendelea kuwa adimu benki, na mwaka 2025 bei ya sokoni ilikuwa zaidi ya maradufu ya bei rasmi. Familia inayopanga kwa bei ya benki, kisha ikalazimika kununua kwa bei ya sokoni, itajikuta katikati ya safari na nusu ya nauli. Kwa hiyo yafaa hesabu ya nyumbani ifanywe mara mbili, kwa bei zote mbili, na ile iliyo chungu zaidi ndiyo iandikwe kwenye daftari.

Tuseme kuna sajini na mkewe. Wana watoto 5. Wa kwanza amepata diploma ya taifa kwa alama nzuri na amekubaliwa chuo mjini Tampere kusomea shahada ya miaka mitatu na nusu. Akiba iliyoko benki inafika nusu ya mwaka wa kwanza. Nusu nyingine itatoka kwenye kiwanja cha Kanyosha. Baba amekwisha kumpata mnunuzi. Mama amekaa kimya siku mbili, na siku ya tatu, wakati wa chakula cha usiku, anauliza: "Baba, kiwanja hiki tukikiuza, mwaka ujao tutauza nini?" Baba anajibu kama wengi wanavyojibu: "Mwaka ujao atakuwa anafanya kazi mwenyewe, Mama."

Katika mambo yote ya Finland hakuna jibu linalopaswa kuchunguzwa kuliko hilo. Sheria humruhusu mwanafunzi kufanya kazi kwa wastani wa saa 30 kwa juma. Ruhusa ipo, kazi ni jambo jingine. Mwaka 2025 ukosefu wa kazi nchini humo ulifika karibu asilimia 10, miongoni mwa viwango vya juu kabisa katika Umoja wa Ulaya, na aliye mgeni asiyejua Kifini husimama nyuma ya foleni hiyo. Kazi zinazopatikana kwa anayejua Kiingereza peke yake ni kusafisha maofisi alfajiri, kuosha vyombo hotelini, kugawa magazeti usiku wa manane, au kupeleka chakula kwa baiskeli katika theluji. Ni kazi za heshima, na watoto wa maofisa wamezifanya. Lakini akipata saa 15 kwa juma, na akilipwa kwa mfano euro 11 kwa saa, mwisho wa mwezi atakuwa na takribani euro 700 kabla ya kodi. Humo atalipa chumba, ambacho katika nyumba za wanafunzi nje ya Helsinki huanzia takribani euro 300, chakula, tiketi ya basi na simu. Atajilisha. Pengine atawatumia wadogo zake chochote wakati wa sikukuu. Euro 10,000 za ada ya mwaka wa pili hazimo katika mshahara huo.

Akisema atafanya kazi saa zote 30, basi na ahesabu upande wa pili. Vyuo vya Finland hupima masomo kwa pointi, 60 kwa mwaka, na kila pointi hukadiriwa kuwa saa 27 za kazi ya mwanafunzi. Ni takribani saa 1,600 kwa mwaka, sawa na juma la saa 40 hivi wakati wa masomo. Ukijumlisha na kazi ya usiku, kijana anabeba saa 70 kwa juma, katika lugha isiyo yake, katika baridi asiyoizoea. Askari anayajua hayo: mtu aweza kulinda usiku kucha na kesho yake akatembea, lakini si mwaka mzima. Pointi zikipungua ndipo mambo yanapofungana kama kamba. Vyuo vingi hupunguza ada ya mwaka wa pili kwa mwanafunzi aliyefanya vizuri, na mara nyingi sharti ni pointi 55 kati ya 60. Aliyefanya kazi nyingi ili alipe ada hupoteza punguzo, na kwa kupoteza punguzo hulazimika kufanya kazi zaidi. Kibali nacho hutolewa kwa sharti kwamba mwenyewe atajitegemea na atasonga mbele katika masomo. Anayekwenda kuomba msaada wa serikali kwa ajili ya chakula ahatarisha kibali chake.

Swali la mama yule, basi, halikuwa la uchoyo. Kwa shahada ya miaka mitatu na nusu, ada ya euro 10,000 kwa mwaka ni euro 35,000, na kujikimu kwa miezi 42 ni euro 33,600. Kazi ya mwanafunzi yaweza kubeba sehemu kubwa ya fungu la pili. Fungu la kwanza ni la familia au la ufadhili, na sharti lijulikane litatoka wapi kabla mnunuzi wa kiwanja hajaleta fedha.

Majirani wetu wa Kenya walijifunza jambo la karibu na hili kwa uchungu mkubwa. Katika Kaunti ya Uasin Gishu, ambayo makao yake ni mji wa Eldoret, ulianzishwa mwaka 2021 mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Finland, na baadaye Kanada. Mpango ulisimamiwa na serikali ya kaunti yenyewe, na ndiyo sababu wazazi waliuamini. Wengi wao ni wakulima. Waliuza ng'ombe na vipande vya mashamba, wakaitisha harambee kanisani na vijijini, wakaziweka fedha katika akaunti ya mpango iliyokuwa katika benki mjini Eldoret. Baadhi ya vijana walisafiri. Baada ya muda vyuo vya Finland vikaanza kuuliza ada iko wapi. Vijana waliokuwa wamekwisha kuzoea theluji wakaarifiwa kwamba huenda wakaondolewa masomoni, na kwa mwanafunzi kuondolewa masomoni ni kupoteza pia haki ya kukaa nchini. Wengine hawakupanda ndege kabisa, ingawa wazazi wao walikuwa wamelipa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret. Mnamo Agosti mwaka huohuo aliyekuwa gavana wa kaunti hiyo, ambaye wakati huo alikuwa seneta, pamoja na maofisa wengine walikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa mashtaka yaliyohusu shilingi za Kenya bilioni 1.1. Walikana mashtaka.

Hukumu ni kazi ya mahakama. Linaloihusu nyumba ya Kinanira ni njia ambayo fedha zilipita. Ada ilitoka mkononi mwa mzazi, ikaingia katika mfuko uliokuwa katikati, na mzazi hakuwa na stakabadhi ya chuo. Alikuwa na stakabadhi ya benki ya Eldoret, ambayo Tampere haikuwa na habari nayo. Kwa miezi mingi hakujua kama ada ya mtoto wake imefika, kwa sababu hakuna aliyewajibika kumjibu. Kama kila mzazi angelipa moja kwa moja katika akaunti ya chuo, kuchelewa kwa juma moja tu kungeonekana.

Na kulipa moja kwa moja kunawezekana, kwa maana maombi yenyewe hayahitaji mtu wa katikati. Nafasi za shahada ya kwanza zinazofundishwa kwa Kiingereza hutangazwa katika tovuti ya taifa iitwayo Opintopolku, ambayo kwa Kiingereza ni Studyinfo. Kila Januari hufunguliwa maombi ya pamoja kwa majuma mawili hivi. Mwombaji huchagua hadi kozi 6 na kuzipanga kwa upendeleo wake. Vyuo vya taaluma za kazi, kama uuguzi, uhandisi na biashara, huwapa waombaji mtihani wa kuingia. Kijana aliyemaliza shule kwa jitihada zake, aliye na simu na mahali pa kutumia intaneti, aweza kufanya yote hayo peke yake. Wakala wa mjini anayedai malipo makubwa ili "kumwombea nafasi" anauza mlango ulio wazi. Wapo mawakala waaminifu ambao kazi yao ni kuelekeza na kusahihisha karatasi, na kazi ina ujira wake. Lakini yule anayetaka ada ya chuo ipitie mkononi mwake, au anayesema ana mtu wake ubalozini, huyo aonyeshwe njia ya kurudia alikotoka. Chuo kikimkubali mwanafunzi, humwandikia yeye mwenyewe na kumpa namba ya akaunti. Na kibali kikikataliwa, vyuo vingi huirejesha ada baada ya kukata gharama kidogo. Wakala harejeshi.

Kwa mtoto wa Burundi ipo pia kazi ya lugha, ambayo haiwezi kufanywa kwa haraka. Alisoma hesabu, fizikia na jiografia kwa Kifaransa. Kiingereza alikisoma kama somo, na ingawa ni lugha rasmi tangu 2014, si lugha ya mazoea darasani. Chuo kitamtaka alete cheti cha mtihani wa kimataifa, na katika ule uitwao IELTS alama zinazotakiwa aghalabu ni 6.0 au 6.5. Anayezungumza Kiingereza cha filamu hupata tabu katika sehemu ya kuandika. Mwaka mmoja wa kujisomea kila jioni si mwingi kwa kazi hiyo. Kifini nacho kianze Bujumbura, hata kama ni maneno 10 kwa siku, kwa sababu ndicho kitakachomtoa kwenye ndoo ya kusafishia na kumpeleka kwenye kazi aliyosomea. Kozi ya uuguzi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa mzee wa Oulu analalamika kwa Kifini. Ni lugha yenye vijalizo vingi vinavyoganda mwishoni mwa neno, na Mswahili aliyezoea kuganda kwa mwanzo hatashangaa sana. Tena haibagui mwanamume na mwanamke, neno lao "hän" ni "yeye" yetu.

Lipo shauri jingine ambalo husikika mara chache sebuleni, kwa sababu halina sifa ya kusindikizwa uwanja wa ndege. Kijana aanze na shahada ya kwanza hapahapa. Chuo Kikuu cha Burundi kipo tangu 1964, na karo yake haiuzi kiwanja. Akiwa na shahada, na miaka 2 au 3 ya kazi, aweza kuomba shahada ya uzamili huko Finland, ambayo ni miaka 2 badala ya mitatu na nusu, na ambayo vyuo vikuu vingi hutenga kwa ajili yake ufadhili wa kufuta ada yote au nusu yake. Akipanda hadi uzamivu hakuna ada kabisa, na watafiti wengi wa ngazi hiyo hulipwa mshahara. Aendaye akiwa na miaka 25 hupika mwenyewe, husimamia fedha zake na kuijua thamani ya kiwanja. Wa miaka 19 hujifunza hayo yote pamoja na baridi. Hii haina maana kwamba kijana hodari azuiwe. Maana yake ni kwamba milango ni zaidi ya mmoja, na ule wa gharama kubwa ndio unaogongwa kwanza. Inafaa pia kusema kwamba katika nyumba zenye fedha za mtoto mmoja tu, mara nyingi mvulana hufikiriwa kabla msichana hajaulizwa alama zake. Chuo cha Finland huuliza alama.

Baada ya yote hayo huja safari. Mama aandaaye sanduku asinunue makoti mazito ya Bujumbura, ambayo hayakushonwa kwa baridi ile; kule ipo mitumba mizuri ya bei nafuu, na kijana akifika mwezi wa Agosti atakuwa na muda wa kuitafuta kabla ya theluji. Aweke nguo za ndani za joto, sweta, na soksi nyingi. Nyama kavu na maziwa havipiti forodhani, kwa maana Umoja wa Ulaya unakataza bidhaa hizo kutoka nje. Samaki wana ruhusa, hadi kilo 20 kwa matumizi ya msafiri, kwa hiyo ndagala wa Ziwa Tanganyika waliokauka vizuri na kufungwa barabara waweza kusafiri hadi Tampere bila hofu. Kijana atakayewakaanga katika jiko la pamoja afungue dirisha kwanza. Wenzake wa chumba cha pili hawakulelewa na harufu hiyo.

Ipo ajabu moja ya saa ambayo wazazi wengi hawaijui. Majira ya baridi yanapofika, saa ya Helsinki na saa ya Bujumbura huwa moja. Mama akitazama saa ya ukutani Kinanira, ndiyo hiyohiyo mwanawe anayoitazama. Lakini mwezi wa Desemba, saa tisa na robo alasiri, wakati watoto wa Kinanira bado wanacheza mpira juani, mjini Helsinki jua limekwisha kuzama. Mjini Oulu, kaskazini zaidi, mchana wa siku hizo haufiki hata saa 4. Kijana huenda darasani gizani na kurudi gizani. Wengine hupoteza usingizi, wengine hulala kupita kiasi, wengine huacha kupika. Waganga wa huko hushauri vitamini D na kutoka nje katika saa chache za mwanga. Mzazi anayemsikia mwanawe akijibu "niko sawa" kwa sauti nzito katika mwezi huo asimwulize habari za fedha siku hiyo. Amwulize amekula nini.

Ukimya wa Wafini nao husumbua. Mtu aliyekulia Kinanira, ambako kumpita jirani bila kumjulia hali ni kama kumtukana, atapanda basi lenye watu 40 na hakuna atakayesema neno. Si dharau. Wao huona kwamba kumwacha mtu na mawazo yake ni adabu, na akidondosha mkoba watamkimbilia nao hadi mlangoni bila kusema chochote.

Kuhusu kibali, Bujumbura hakuna ubalozi wa Finland. Mwombaji hujaza fomu kwa intaneti, kisha huenda mwenyewe kuthibitisha vyeti vyake na kutoa alama za vidole, na balozi zilizo karibu ziko Nairobi na Dar es Salaam. Mrundi haombi viza kwa nchi hizo mbili, kwa kuwa ni za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ambayo Burundi imo tangu 2007, lakini basi, malazi na siku za kungoja ni fedha, na aliyesahau karatasi moja hurudi mara ya pili. Achukue pasipoti, barua ya chuo, stakabadhi ya ada, hati ya bima, taarifa ya benki yenye jina lake, na vyeti vya shule pamoja na tafsiri iliyofanywa na mtafsiri aliyeapishwa. Nafasi ya kuonana na maofisa huagizwa mapema, hasa kati ya Juni na Agosti wakati wanafunzi wa kanda nzima wanapogombania siku zilezile.

Kwa anayetaka kuanza masomo Agosti, maombi ni Januari ya mwaka huohuo, mtihani wa Kiingereza ni kabla ya hapo, na pasipoti ni kabla ya mtihani. Anayefungua daftari lake la Kiingereza mwezi wa Februari ana miezi 11 kabla dirisha la Januari nyingine halijafunguliwa, na baba na mama wana miezi hiyohiyo 11 ya kuketi na daftari la hesabu.